Msitu Mdogo wa Kinondo na Mugumo Wetu wa Witeithie



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya msitu, tena si msitu mkubwa. Mtu akiingia asubuhi baada ya chai aweza kuumaliza kabla jua halijawa kali. Unaitwa Kaya Kinondo, nao uko Kwale, kusini ya Mombasa, karibu na ufuo wa Diani. Ukubwa wake ni kama hekta 30, yaani ekari 75 hivi. Mashamba mengi ya kahawa hapa kwetu, kati ya Ruiru na Thika, yaupita kwa mbali.

Tuanze na sababu iliyotupeleka, maana hatukwenda kutembea tu. Kanisa letu hapa Witeithie lina kiwanja, na pembeni mwa kiwanja hicho, upande wa kijito, pana mugumo mmoja mkubwa, ule mti wa jamii ya mikuyu, pamoja na miti mingine ya asili kama kumi iliyouzunguka. Mwaka jana halmashauri ya kanisa ilipatana kwamba miti hiyo iondolewe, pajengwe vyumba 14 vya maduka vya kupangisha. Kodi yake ingetengeneza paa la kanisa na kusaidia karo za watoto. Sisi tunaosema nanyi ndio tuliokuwa mwenyekiti wa mkutano, na sahihi ya kwanza katika kumbukumbu ni yetu.

Siku hiyo mzee mmoja alisimama akauliza kama haingefaa tuufikirie mugumo kwanza, kwa kuwa baba zake hawakuukata. Tulimjibu mbele ya wote kwamba hayo ni mambo ya giza, na kwamba Mkristo haogopi mti. Watu walicheka. Mzee akaketi, na Jumapili tatu zilizofuata hakuonekana kanisani. Sasa, ni kweli kwamba Mkristo haogopi mti. Lakini mzee yule hakuwa ameuliza juu ya kuogopa.

Basi mwezi wa Agosti vijana wetu walikuwa na safari ya pwani, na akina mama 12 wakajiunga nao. Mmoja wa akina mama hao aliwahi kukaa Ukunda, akatuambia kwamba kule kuna msitu wa wazee ambao wageni huruhusiwa kuuingia. Tulikubali haraka. Tukisema kweli, tulitaka vijana wauone ushirikina wa zamani kwa macho yao, wapate kujua walikotolewa.

Tulitoka Witeithie saa kumi alfajiri kwa basi la kukodi, jioni tukavuka kwa feri ya Likoni, na asubuhi ya pili tulikuwa mlangoni pa kaya.

Neno kaya kwa lugha za Wamijikenda maana yake ni mji, ni nyumbani. Wamijikenda, kama jina lenyewe linavyoonyesha, ni miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wakauma na Wachonyi. Mapokeo yao yasema walitoka kaskazini, mahali paitwapo Singwaya, wakishuka kwa kukimbia vita. Walipofika nyuma ya pwani walijenga miji yao katikati ya misitu minene, wakaacha miti imezunguka pande zote kama boma, na vijia vichache tu vya kupitia, vyenye milango. Adui asiyejua njia hakuweza kuingia kwa urahisi. Ndani ya mji walizika fingo, yaani kago la kuulinda, na huko huko wakazika wafu wao. Makaya ya kwanza yanahesabiwa tangu karne ya 16. Baadaye, vita vilipopungua na watu wakihitaji mashamba, walianza kutoka mmoja mmoja, na kufikia miaka ya 1940 hapakuwa na mtu anayeishi ndani. Nyumba zilianguka, msitu ukabaki.

Ulibaki kwa sababu gani? Hapo ndipo penye habari yenyewe. Mashamba yalilimwa mpaka ukingoni, mikorosho na minazi ikapandwa, na upande wa bahari hoteli zikajengwa. Lakini wazee walikuwa wamesema kwamba katika kaya hakatwi mti, hachukuliwi hata ukuni mkavu, wala mifugo haichungwi humo. Aliyevunja mwiko alilipa faini ya kuku au mbuzi. Miaka ya 1980 wataalamu wa mimea walipoanza kuyapitia makaya hayo moja baada ya jingine, walikuta humo miti adimu ambayo mahali pengi pa pwani ilikuwa imekwisha kutoweka. Kuanzia mwaka 1992 Serikali iliyatangaza makaya mengi kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 shirika la UNESCO likayaandika baadhi yake, pamoja na Kinondo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Hayo twawaeleza leo kwa utulivu. Siku ile mlangoni utulivu haukuwapo. Kijana aliyetupokea, Mdigo, Mwislamu kama walivyo Wadigo wengi, alileta rundo la vitambaa vyeusi, kaniki, akatuomba kila mmoja ajifunge kiunoni kabla ya kuingia. Akatupa na masharti: tusipige kelele, tusikumbatiane wala kubusiana, na tusitoke na kitu chochote, iwe ua, jiwe au jani lililoanguka.

Mama mmoja mzee katika kundi letu, mwenye kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama kichwani, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema, "Mimi nilibatizwa. Sifungwi kaniki ya mizimu."

Wote wakatugeukia sisi, na hatukuwa na jibu tayari. Ilikuwa kijana aliyejibu, kwa upole sana. "Mama, hapa hatukuombi usali. Mimi mwenyewe nikitoka hapa naenda kuswali msikitini. Lakini ukija kwangu ukavua viatu mlangoni, je, umeabudu mkeka wangu?"

Mama akamtazama kwa muda. Kisha akasema, "Lete, mwanangu, lakini nitajifunga mwenyewe." Akajifunga juu ya rinda lake, fundo kubwa la mbele kama anayekwenda shambani, akawa wa kwanza kuingia.

Ndani kulikuwa na baridi kidogo, ingawa nje jua lilikuwa kali. Ardhi ya Kinondo ni mwamba wa matumbawe, ule mwamba wa zamani wa bahari, wenye mashimo na ncha kali, na udongo juu yake ni mwembamba sana. Mizizi imeshuka katika nyufa za mwamba na kuushika. Mtu wa bara kama sisi, aliyezoea udongo mwekundu unaochimbika mpaka jembe lote lizame, hustaajabu mti mkubwa namna ile unakula nini. Tulionyeshwa kwamba unakula majani yake mwenyewe: yanaanguka, yanaoza, yanakuwa udongo, na mizizi inayapokea tena. Kwa hiyo jani lile tulilokatazwa kulichukua lina kazi. Hapo sharti ambalo mlangoni tulilidhani la ushirikina likaanza kuonekana kama sharti la mkulima.

Juu yetu walipita mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wakiruka kutoka tawi hadi tawi bila kutujali. Kijana alituonyesha mizizi ya dawa ya tumbo na magome ya dawa ya homa. Kisha akatufikisha kwenye mti mmoja mkubwa, akatuambia kwamba wageni hupenda kuukumbatia mti huo na kuuachia mizigo ya moyo wao. Vijana wakacheka, kwa kuwa dakika chache tu zilizopita tulikatazwa kukumbatiana. Wawili watatu wakaukumbatia. Sisi hatukuukumbatia. Tulimwambia kijana waziwazi kwamba mizigo yetu tunaye wa kumtwika, naye akaitikia kwa kichwa wala hakuona vibaya. Twafikiri mtu aweza kuheshimu nyumba ya mwenzake bila kuficha imani yake. Na kijana yule alituonyesha mfano mzuri wa jambo hilo kuliko sisi tulivyomwonyesha mzee wetu wa Witeithie.

Tulipotoka tukaketi kivulini, na mmoja wa vijana wetu, msichana asomaye Biblia kwa bidii, akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 12, mstari wa 2 na wa 3, akauliza: Je, Mungu hakuwaamuru Waisraeli wapaharibu mahali pa ibada za mataifa, chini ya kila mti mbichi? Mbona basi sisi tumelipa kiingilio badala ya kuleta shoka?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo ni zuri, tena ni la zamani. Twalieleza kwa kirefu kidogo, kwa maana wengi wamelijibu kwa haraka. Mistari ile yataja vitu vya kuharibiwa: madhabahu, nguzo, maashera na sanamu. Ashera lilikuwa jina la mungu mke wa Wakanaani, na pia jina la nguzo ya mti iliyosimamishwa karibu na madhabahu kwa ajili yake. Ni kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililitafsiri neno hilo kama kijisitu, na Biblia ya Kijerumani ya Luther ilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo Wakristo wengi wa Ulaya walisoma kwa karne nyingi kwamba Mungu ameamuru vijisitu vichomwe moto. Wafasiri wa Kiingereza walilirekebisha jambo hili mwaka 1885, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema maashera. Mti mbichi umetajwa pale ili kuonyesha mahali dhambi ilipotendeka. Haukuhukumiwa wenyewe.

Tena katika kitabu hicho hicho, sura ya 20, mstari wa 19 na wa 20, jeshi lililozingira mji linakatazwa kuikata miti ya matunda ya adui. Fikirini jambo hilo. Ni vita, tena miti ni ya adui, na bado shoka limewekewa mpaka. Na katika Mwanzo 21:33 twasoma kwamba Ibrahimu alipanda mkwaju kule Beer-sheba, akamwita Mungu hapo. Mti aliopanda Ibrahimu si ule tunaoujua pwani kwa jina hilo, ila jina la kwetu lilikuwa karibu na watafsiri. Lakini lililotugusa sisi ni kwamba Ibrahimu alikuwa mzee sana siku ile, na mti mkubwa hauhitajiwi na mzee.

Iko habari nyingine inayotuhusu sisi Waanglikana hasa. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfuata, nao wawili wakaenda kukaa Rabai. Waliowapokea huko ni wazee wa Warabai, watu wa kaya, na makaya ya Rabai pia yamo katika orodha ile ya mwaka 2008. Kanisa letu katika nchi ya Kenya, basi, lilikaribishwa kama mgeni kandokando ya msitu wa namna hii. Wenye msitu walikuwa na uwezo wa kusema hapana. Hatusemi kwamba imani ya wazee wale na yetu ni moja. Hata wamisionari hawakusema hivyo. Twasema tu kwamba tulipewa mahali pa kukaa.

Sasa twafika kwenye neno lililotutesa njia nzima ya kurudi. Kabla ya kuondoka tulimwuliza kijana, je, watoto wa Kinondo bado wanauogopa msitu? Akacheka kidogo. Akasema, "Mchungaji, wamekwenda shule. Wengine wana simu. Hofu imekwisha. Sasa tunatafuta sababu nyingine ya kuulinda, na si rahisi."

Alitueleza kwamba tangu mwaka 2001 wageni wanalipa, na fedha hizo zasaidia kulipa walinzi na kazi za kijiji. Lakini fedha za wageni hazina uaminifu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia, wageni hawakuja. Na jirani yao, katika kisiwa cha Chale, palikuwa na kaya vilevile, na miaka ya 1990 sehemu yake ikajengwa hoteli ingawa wazee walilia. Pwani yote yajua kwamba ekari moja karibu na bahari ina bei kuliko wazee kumi.

Hofu imekwisha. Ndugu, ni nani aliyeiondoa? Kwa sehemu ni sisi. Tulihubiri, na tulihubiri vema, kwamba Kristo ameshinda nguvu zote na mwamini haogopi mizimu. Wala hatutaki hofu ile irudi. Tumeona nyumba zilizovunjwa na waganga na vikongwe walioteswa kwa sababu yake. Lakini ile hofu ilikuwa imesimama mlangoni pa msitu kama mlinzi, na siku tulipomfukuza yule mlinzi hatukuweka mwingine mahali pake. Tulisema, usiuogope mti. Hatukuendelea kusema kwamba mti ni wa Bwana aliyeuumba, na kwamba mwanadamu katika Mwanzo 2:15 aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima tumekuhubiri sana, hasa sisi watu wa kahawa na nanasi. Kutunza tuliwaachia wengine.

Hapa Thika tulikuwa na mugumo mashuhuri. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri kuwa utawala wa wageni utakwisha siku mti ule utakapoanguka, na kwamba Waingereza waliuzungushia chuma usianguke. Nao ulianguka mwaka 1963, mwaka wa Uhuru. Watu huipenda habari hiyo kwa ajili ya siasa. Lakini iko habari nyingine ya mugumo isiyo na kishindo. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, ameandika kwamba utotoni kule Nyeri mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu, na karibu na mti huo palikuwa na chemchemi. Baadaye mti ulikatwa pakapandwa chai, na maji yakakauka. Alipokuwa mwanasayansi ndipo alipofahamu kwamba mizizi ya mti ule hupenya chini sana na kuyasaidia maji kupanda juu. Bibi zake walikuwa na sheria nzuri iliyovaa nguo ya zamani.

Tulirudi Witeithie Jumamosi usiku, na Jumatatu tukaenda nyumbani kwa yule mzee. Alitupokea, akamwambia binti yake alete chai, wala hakutaja mkutano. Tulipoomba msamaha kwa kumchekesha mbele ya watu, alikaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mchungaji, mimi niliacha kutambikia mwaka niliobatizwa. Nilitaka tu mtu aulize maji ya kijito yanatoka wapi." Alituambia kwamba walipokuja hapa, wakati watu walipokuwa wakigawiwa viwanja, wanawake walichota maji chini ya mugumo ule hata katika ukame. Tulikuwa tumepanda magari siku mbili mpaka baharini kujifunza jambo lililokuwa hatua 200 kutoka mimbarani.

Jina la mtaa wetu, Witeithie, kwa Kikikuyu maana yake ni jisaidie. Katika mkutano wa Oktoba mwenye duka mmoja alilitumia jina hilo dhidi yetu: tutajisaidiaje bila maduka? Hoja yake ilikuwa na uzito, wala hatukumcheka, tulikuwa tumejifunza. Tulibishana mpaka taa zikawashwa. Mwishowe ilikatwa kwamba vyumba vijengwe upande wa barabara peke yake, navyo ni 8 badala ya 14, na miti iachwe. Kura zilipishana kwa moja.

Kwa hiyo kodi ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na paa bado. Mvua za Novemba zilipokuja lilivuja juu ya viti vya kwaya katikati ya ibada, na sauti ya kwanza ikahamia upande wa sauti ya pili na vitabu vyao vya nyimbo. Watu kadhaa waligeuka kututazama. Yule mzee alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, safu ya tatu kutoka mbele. Baada ya ibada alituletea shilingi 500 katika bahasha, imeandikwa kwa kalamu ya risasi: mabati.

Ndugu wasikilizaji, hadi juma lijalo, Mungu akipenda.